Breguet, fundi aliyeanza saa ya malkia na kufa kabla haijakamilika

Kila siku kabla ya taarifa ya habari tunawatajia saa, na wengi wenu huangalia simu kuhakikisha kama tumesema kweli. Simu inapokea saa kutoka kwenye mtandao, hakuna anayeitia ufunguo. Lakini wazee wanaikumbuka saa ya mkono ya zamani: kila asubuhi ulizungusha kile kitufe cha pembeni mpaka kikaze, na siku ukisahau, kufika jioni imekufa. Huenda nyumbani kwenu bado ipo moja, iko kwenye sanduku pamoja na vyeti na picha za zamani.

Saa za namna hiyo, zisizo na betri, bado zinatengenezwa hadi leo. Nyingine zinauzwa kwa bei inayotosha kujenga nyumba nzuri, na wapo wanaozinunua. Ukifungua moja ya hizo za bei kali na kuuliza ni nani alibuni hiki na kile, mara nyingi utatajiwa jina moja: Abraham-Louis Breguet. Jina la ukoo hutamkwa Brege. Amekufa miaka 200 iliyopita, na leo tunasimulia maisha yake.

Alizaliwa Januari 10, 1747 katika mji wa Neuchâtel, ambao leo uko Uswisi. Ukoo wake ulikuwa wa Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa, waliokimbilia huko baada ya mfalme wa Ufaransa kuifuta mwaka 1685 sheria iliyowapa uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo alikulia katika familia iliyojua maana ya kuhama kwa sababu ya siasa za wakubwa, jambo ambalo baadaye lilimkuta na yeye.

Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka 11. Mama akaolewa na Joseph Tattet, mtu wa ukoo wa watengeneza saa aliyekuwa na biashara Paris. Baba huyu wa kambo ndiye aliyemwonjesha kijana kazi ya saa. Alipofika miaka 15 akapelekwa Ufaransa kujifunza kwa fundi mmoja wa Versailles, mji ambao mfalme na watumishi wake walikuwa wakiishi. Mchana alikaa kwenye meza ya kazi, jioni akaenda darasani Paris, Chuo cha Mazarin, kusoma hisabati kwa padri aliyeitwa Marie. Padri huyo alimpenda mwanafunzi wake na akamtambulisha kwa watu wa ikulu. Katika nchi ile wakati ule, fundi asiye na wa kumtaja mbele ya wakubwa angeweza kuwa hodari na bado akafa maskini.

Mwaka 1775 alioa binti wa Kifaransa, Cécile L'Huillier, na mwaka huohuo akafungua karakana yake kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto wa Paris, mtaa ambao jina lake lenyewe linamaanisha ukingo wa saa. Walipata mtoto wa kiume, Antoine-Louis. Mke alifariki mwaka 1780, akiwa bado hajafika miaka 30. Breguet hakuoa tena.

Hapa inafaa tueleze kidogo saa ya aina hii inavyofanya kazi, maana bila hivyo mtu huyu hataeleweka. Ndani yake kuna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa kama mkeka. Unapotia ufunguo unaukaza, nao unapojaribu kujikunjua unasukuma magurudumu yenye meno. Ukiacha hivyo tu, magurudumu yangezunguka kwa kasi na nguvu ingeisha mara moja. Kwa hiyo pamewekwa gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, kama mtoto kwenye bembea, na kila linaporudi huruhusu jino moja tu lipite. Ile sauti ya tik-tik ndiyo hiyo: meno yanaruhusiwa moja baada ya jingine. Bembea ikienda sawasawa, saa inasema kweli. Ikiyumba, saa inadanganya.

Breguet alitumia maisha yake kupambana na kila kinachoifanya bembea hiyo iyumbe, na kila kinachomsumbua mwenye saa.

Usumbufu wa kwanza ulikuwa ufunguo wenyewe. Saa za wakati huo ziliwekwa mfukoni na kutiwa ufunguo halisi wa chuma, ambao mtu angeweza kuupoteza. Karibu na mwaka 1780 Breguet alianza kuuza saa zenye uzito mdogo ndani, uliopandishwa na kushushwa na mwendo wa mwenye saa. Ukitembea, saa inajikaza yenyewe. Tuseme wazi kwamba hakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo, wengine walikuwa wamejaribu. Yeye ndiye aliyelifanya likubalike na kutegemewa, na wakuu wa Ufaransa wakaanza kumiminika. Miongoni mwao alikuwa malkia, Marie-Antoinette.

Kisha ni suala la giza. Hakukuwa na umeme, na kuwasha mshumaa usiku wa manane ilikuwa shughuli. Matajiri walikuwa na saa za kugonga: unabonyeza, nayo inakugongea idadi ya saa na robo zake. Lakini ndani yake kulikuwa na kengele, hivyo saa ilivimba kama kitunguu. Mwaka 1783 Breguet aliiondoa kengele na kuweka waya wa chuma uliozungushwa pembezoni mwa mashine. Nyundo ndogo ikiugonga, unalia vizuri. Saa ikawa nyembamba. Saa zinazogonga za leo bado zina waya huo. (Kwa sisi Waswahili saa hiyo ingetuchanganya: tunahesabu kuanzia macheo, hivyo ingegonga mara saba wakati sisi tunasema ni saa moja asubuhi.)

Tatu, saa ikianguka. Vile vincha vya gurudumu la bembea ni vyembamba kuliko unywele, na ikidondoka sakafuni vinakatika. Karibu na mwaka 1790 Breguet alivikalisha juu ya kibati kinachonesa, ili kipokee mshtuko badala ya kincha. Inasimuliwa kwamba aliitupa saa yake sakafuni mbele ya wageni nyumbani kwa mwanasiasa Talleyrand, akaiokota, nayo ilikuwa ikitembea kama kawaida. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi. Kile kibati hakikutiwa, na saa za mkono za leo zina kitu cha namna hiyohiyo.

Wakati akiyafanya haya yote alibadilisha pia sura ya saa, na sisi tunaona hapa ndipo mkono wake unapotambulika haraka zaidi. Saa za enzi zile zilijaa maua, malaika na nakshi mpaka ukashindwa kusoma muda. Breguet aliondoa karibu kila kitu. Uso wa saa zake ni wa fedha au dhahabu, umechorwa mistari midogo sana kwa mashine inayozungushwa kwa mkono, na mistari hiyo inazuia uso usimulike mwanga machoni. Mishale yake ni myembamba, ina kijiduara kilicho wazi karibu na ncha. Mingi ilikuwa ya chuma kilichopashwa moto mpaka kikageuka rangi ya buluu. Mhunzi yeyote anayesoma makala hii anaijua rangi hiyo: hutokea moto ukikaribia nyuzi 300, na ukichelewa kidogo kukitoa, imepita. Mishale ya namna hiyo leo inaitwa mishale ya Breguet hata inapowekwa na kampuni nyingine.

Ndipo ikaja oda kubwa. Mwaka 1783, kwa jinsi inavyosimuliwa, ofisa mmoja wa walinzi wa malkia alifika karakanani na kuagiza saa ya zawadi kwa Marie-Antoinette. Masharti yalikuwa ya ajabu. Kila kitu kilichojulikana katika ufundi wa saa kiwemo ndani yake. Penye chuma, kama inawezekana, iwe dhahabu. Bei isiwe na kikomo, na muda wa kumaliza vilevile. Ilipewa namba 160.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililogeuka mzigo. Miaka sita baadaye, 1789, watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille na mapinduzi yakaanza. Wateja wa Breguet walikuwa ndio hasa waliokuwa wakitafutwa: wakuu, watu wa ikulu, jamaa za mfalme. Wengi walikimbia nchi bila kulipa madeni yao. Hata malkia, akiwa tayari ni mfungwa, anasemekana aliagiza saa ndogo ya kawaida kwa Breguet, akaletewa gerezani.

Breguet mwenyewe alikuwa na marafiki pande zote. Mmoja wao alikuwa Jean-Paul Marat, mwandishi wa magazeti mwenye maneno makali aliyekuwa miongoni mwa waliotaka vichwa vya wakuu vikatwe. Marat alizaliwa Boudry, jirani kabisa na Neuchâtel, kwa hiyo walikuwa watu wa kwao. Inasimuliwa kwamba siku moja umati wenye hasira uliizingira nyumba walimokuwa, na Breguet akamvisha Marat nguo za kikongwe, akamshika mkono na kutoka naye katikati ya watu. Iwe kweli au la, fadhila ilirudi. Mwaka 1793, mwaka ambao mfalme alikatwa kichwa Januari na malkia Oktoba, Marat alimsaidia Breguet kupata hati ya kutoka Ufaransa. Marat mwenyewe aliuawa Julai 13 ya mwaka huo, amechomwa kisu akiwa ndani ya beseni la kuogea. Breguet akavuka mpaka na kurudi alikozaliwa, akiwa na miaka 46, karakana yake ameiacha nyuma.

Alikaa Uswisi karibu miaka miwili, sehemu kubwa katika mji wa Le Locle milimani, akiwa na mafundi wachache. Mtu aliyekuwa akimtengenezea malkia alikuwa sasa mkimbizi. Lakini inaonekana alifikiri sana kipindi hicho, kwa sababu aliporudi Paris mwaka 1795 na kuikuta karakana imeharibiwa, alikuja na mawazo mengi kwa pamoja kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Moja lilikuwa la kibiashara, na kwa wakulima wanaonunua taa ya sola kwa kutanguliza kiasi, litaeleweka haraka. Wateja matajiri walikuwa wamekufa au kukimbia. Breguet akabuni saa nyepesi kutengeneza, yenye mshale mmoja tu, uso mkubwa, bila mapambo. Mnunuzi alilipa robo ya bei wakati wa kuagiza, iliyobaki akaimalizia anapokabidhiwa. Kwa ile robo fundi alinunua vifaa, hivyo hakuhitaji kukopa. Haikuwa saa ya kibarua, bado ilikuwa ghali, lakini wakili au daktari aliweza kuimiliki. Ziliuzwa kwa mamia.

Umaarufu ukaleta matapeli. Saa bandia zenye jina la Breguet zilienea Ulaya nzima, nyingine mbovu kabisa. Alichofanya ni kuchora saini yake usoni mwa saa kwa herufi ndogo mno, zenye mkwaruzo mwepesi, ambazo huzioni mpaka uigeuze saa kwenye mwanga kwa pembe fulani. Wezi wa jina waliweza kuandika Breguet kwa herufi kubwa. Saini ile ya siri iliwashinda wengi.

Juni 26, 1801 serikali ya Ufaransa ilimpa hati ya ubunifu kwa kitu ambacho hadi leo ndicho kinachopandisha bei ya saa za kifahari kuliko karibu kitu kingine chochote. Alikiita kwa Kifaransa tourbillon, yaani kisulisuli. Tatizo lilikuwa hili: saa ya mfukoni hukaa wima siku nzima. Uzito wa dunia huivuta ile bembea upande mmoja, na hata kasoro ndogo upande huo huifanya saa iwahi au ichelewe. Breguet hakuweza kuondoa uzito wa dunia. Akaichukua bembea na vifaa vyake, akaviweka vyote ndani ya kizimba kidogo, na kukifanya kizimba kizunguke polepole bila kusimama. Ni kama mshikaki juu ya makaa: usipougeuza utaungua upande mmoja, ukiugeuza moto unafika pande zote sawa. Kosa la upande huu linafutwa na kosa la upande ule.

Ilikuwa kazi ngumu mno kuitengeneza kwa mkono. Katika maisha yake yote karakana ilitoa chini ya 40. Kusema kweli, kwa saa ya mkono inayogeuka huku na huku siku nzima faida yake ni ndogo sana, na wanaoinunua leo wananunua uzuri wa kuiona ikizunguka zaidi ya usahihi wa muda. Breguet, aliyelenga saa za mfukoni, alikuwa na sababu yake.

Kuna saa moja ya kisulisuli ambayo sisi tunaiona inamweleza kuliko hati yoyote. Fundi mkubwa wa London, John Arnold, alikuwa rafiki yake, ingawa Uingereza na Ufaransa zilipigana karibu muda wote. Walikabidhiana watoto: kijana wa Arnold akaenda kujifunza kwa Breguet, na kijana wa Breguet akaenda kwa Arnold. Arnold alifariki 1799. Breguet akachukua saa iliyotengenezwa na rafiki yake, akaiwekea kisulisuli cha kwanza kabisa, na mwaka 1808, vita ikiwa imepamba moto, akamkabidhi mtoto wa marehemu. Iko katika jumba la makumbusho la British Museum, London.

Wateja walirudi, wapya na wa zamani. Jenerali Bonaparte alinunua saa tatu Aprili 1798, kabla ya kuondoka na jeshi kwenda Misri. Mkewe Joséphine alikuwa na saa iliyosomwa kwa kupapasa: unazungusha mshale wa nje mpaka ukwame, kisha unahesabu vijiwe vilivyopangwa ukingoni, bila kuitoa saa mbele za watu. Kwa soko la Uturuki walitengeneza saa zenye tarakimu za huko na rangi za kung'aa. Mwaka 1810 dada yake Napoleon, Caroline Murat, malkia wa Naples, aliagiza saa ya kuvaa mkononi yenye mkanda wa nywele zilizosokotwa na nyuzi za dhahabu. Ilikamilika 1812. Daftari za karakana zinaifanya kuwa miongoni mwa saa za mkono za kwanza kabisa zinazojulikana, wakati wanaume walikuwa bado wanaweka saa mfukoni, na wakaendelea hivyo kwa karibu miaka 100 zaidi. Saa yenyewe haijulikani iliko.

Kwa mafundi wake alikuwa mtu mpole. Inasimuliwa kwamba fundi aliyefanya kazi nzuri alipoleta hesabu yake inayoishia na sifuri, Breguet alichukua kalamu na kuichorea sifuri mkia, ikawa tisa.

Napoleon alipoanguka, mfalme mpya hakumfukuza fundi wa adui yake. Breguet aliteuliwa mtengeneza saa wa jeshi la majini, ambalo lilihitaji saa sahihi ili manahodha wajue wako wapi baharini, na mwaka 1816 akaingizwa katika Akademia ya Sayansi. Kwa kijana yatima aliyejifunza hisabati jioni baada ya kazi, hapo palikuwa mbali.

Alifariki Paris Septemba 17, 1823, akiwa na miaka 76. Kaburi lake liko Père Lachaise.

Saa namba 160 ilikuwa bado mezani. Kazi ilisimama wakati wa mapinduzi, ikaanza tena, ikasimama tena, na hata baada ya malkia kuuawa Breguet hakuifuta kwenye daftari. Antoine-Louis na mafundi waliimalizia mwaka 1827, miaka 34 baada ya kifo cha aliyekusudiwa. Ina vipande 823, inajikaza yenyewe, inagonga dakika, inajua mwezi mfupi na mrefu, ina hata kipimajoto. Uso wake ni wa jiwe angavu kama kioo, ili mashine yote ionekane.

Ilipita mikono mingi mpaka ikafika kwa Mwingereza David Salomons, aliyekusanya saa za Breguet kuliko mtu yeyote. Binti yake alianzisha jumba la makumbusho ya sanaa za Kiislamu mjini Jerusalem na kuziweka humo. Aprili 1983 mwizi aliingia usiku na kuondoka na saa zaidi ya 100, namba 160 ikiwemo. Polisi walitafuta miaka mingi bila mafanikio. Mwizi alikufa, na mwaka 2006 mjane wake, kupitia wakili, alitoa taarifa kwamba ana maboksi yenye saa. Wataalamu wa jumba walipoyafungua walikuta vifurushi vilivyofungwa kwa magazeti yaliyochakaa. Katika kimoja wapo ilikuwemo saa ya malkia.